Kuhamisha mchezo wa Dakar hadi Tabora: nani azungumze Kiswahili jukwaani?

Nyamizi_Mwembeni ameuliza:

Naomba mawazo yenu, hasa ya wale waliowahi kutafsiri au kuongoza michezo ya kuigiza. Ninaongoza kikundi cha watu kumi na mmoja katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Tabora. Kwa miaka mitatu tumekuwa tukiigiza vichekesho vya kampeni, yaani mtu anatuletea ujumbe wake kuhusu chandarua au choo, nasi tunautafutia hadithi ya kuuvalisha. Watu hucheka, hupiga makofi, huenda zao. Mwaka huu tumeamua kutengeneza mchezo unaotuhusu wenyewe, juu ya wajane na mashamba wanayoachiwa na waume zao, kwa sababu wawili kati yetu yamewakuta hayo na wamechoka kusemewa.

Nilipokuwa nikitafuta hadithi ya kutuongoza, nilikumbuka ile ya Sembène Ousmane wa Senegal, aliyoiandika kwa Kifaransa katikati ya miaka ya 1960, akaitengenezea filamu mwaka 1968, na ambayo baadaye Profesa Amandina Lihamba aliifanya kuwa tamthilia ya Kiswahili kwa jina la *Hawala ya Fedha*. Kwa wasioijua, ni kisa cha Ibrahima Dieng, mzee asiye na kazi anayeishi Dakar na wake zake wawili. Mpwa wake anayefagia barabara huko Paris anamtumia hawala ya faranga 25,000, na sehemu kubwa ya fedha hizo si ya Dieng, ameambiwa aitunze tu. Posta wanataka kitambulisho. Ili apate kitambulisho anahitaji cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Ili apate cheti anatakiwa kutaja tarehe ambayo hakuna aliyewahi kuiandika. Kila dirisha linamrudisha kwenye dirisha jingine, huku majirani wakipanga foleni kumkopa fedha ambazo hajazishika. Mwisho jamaa mmoja msomi anajitolea kumsaidia, anachukua idhini ya maandishi, anapokea fedha, kisha anadai kwamba ameibiwa njiani.

Nilipowasimulia wenzangu, mama mmoja wa kikundi, mwenye umri wa miaka sitini na kitu, alisema: “Huyo mzee si wa Dakar. Huyo ni mimi na hati yangu.” Kwa hiyo katika mchezo wetu hawala inakuwa hati ya hakimiliki ya kimila, Dieng anakuwa mjane, na yule jamaa msomi anakuwa shemeji yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, lakini sheria iko kwenye karatasi, karatasi iko ofisini, na ofisi ina dirisha.

Tumekwama mahali pawili. Kwanza, sijui kama tunachokifanya ni tafsiri, na kama si tafsiri, ni nini, na tunabanwa kiasi gani na kisa cha mwenyewe. Pili, kuna neno moja linalonitisha. Karibu na mwisho, Dieng anaapa kwamba naye sasa atavaa ngozi ya fisi, kwa kuwa siku hizi uaminifu umegeuka kuwa kosa. Kwa Wawolofu fisi ni Bouki, mlafi katika hadithi za wanyama, anayezidiwa akili na sungura Leuk kila mara, na huyo tunamjua tangu utoto. Lakini kwetu fisi ana kazi nyingine usiku. Mjane akisimama mbele ya watu na kusema kwamba atavaa ngozi ya fisi, hakuna atakayesikia habari za uaminifu. Watasikia habari za uchawi. Nanyi mnajua yaliyowapata vikongwe wenye macho mekundu katika mikoa yetu hii kwa tuhuma za namna hiyo. Nikilitafsiri neno lile kama lilivyo, ninaweza kumweka mama huyu hatarini nje ya jukwaa. Nikiliacha, ninaondoa hasira yote ya mwisho wa mchezo. Mngefanyaje?

Mzee_Paukwa alijibu:

Mwanangu Nyamizi, nilifundisha sanaa za maonyesho kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kustaafu, na nimefurahi kuona kwamba swali lako limeanza na watu kabla ya nadharia.

Kuhusu hilo la kwanza, tazama njia ambayo hadithi yenyewe imepita. Sembène alikuwa kuli bandarini Marseille, akajifundisha kuandika Kifaransa, akaandika riwaya, kisha akatambua kwamba watu aliokuwa akiwaandika hawangeweza kumsoma. Ndipo alipokwenda kusomea filamu Moscow, na kisa hiki akakitengeneza upya kwa Kiwolofu kwa jina la *Mandabi*. Sikiliza jina hilo. Ni neno la Kifaransa, *mandat*, lililotafunwa na ulimi wa Kiwolofu mpaka likawa lake, sawasawa na sisi tulivyofanya kwa posta na risiti. Kwa hiyo mwenye hadithi ndiye aliyekuwa mtafsiri wake wa kwanza, na tayari alikuwa ameihamisha kabla haijafika Dar es Salaam. Huwezi kuisaliti hadithi ya namna hiyo kwa kuihamisha tena. Utaisaliti ukiihamisha ovyo.

Lihamba naye hakuichukua kama mtu anayenakili. Yeye ni mwigizaji na mwongozaji, na amefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Shahada yake ya uzamivu, aliyoipata Leeds mwaka 1985, ilihusu siasa na sanaa za maonyesho nchini baada ya Azimio la Arusha. Tena ni mtu aliyezoea kuandika na wenzake: *Harakati za Ukombozi* ya mwaka 1982 aliitunga pamoja na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Katika miaka hiyohiyo ya mwanzo ya 1980, yeye na wenzake wa chuoni walikwenda Malya, kule Mwanza, kutengeneza michezo na wanakijiji kutokana na matatizo ambayo wanakijiji wenyewe waliyataja, mimba za wasichana zikiwa mojawapo, na wakatumia ngoma za pale pale. Mtu anayefanya kazi namna hiyo anapochukua kisa cha Dakar, anauliza kwanza dirisha la hapa kwetu likoje, ndipo anaandika. Sisi tuliosimama kwenye foleni za miaka ile, yenye uhaba wa kila kitu, hatukuhitaji kuelezwa Senegal iko wapi.

Hata hivyo nina tahadhari, nayo ninaitoa kwa mfano wa mtu ninayemheshimu sana. Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice, mwaka 1969, aliiita *Mabepari wa Venisi*. Ilikuwa miaka miwili baada ya Azimio, na neno lile lilikuwa la moto. Ni uamuzi wa kijasiri, kwa sababu neno moja tu la jalada lilimweka msomaji wa Kitanzania mahali pa kuhukumu. Lakini angalia lilivyogharimu. Kwa Kiingereza mfanyabiashara wa kichwa cha habari ni mmoja, Antonio. Kwa Kiswahili wamekuwa wengi, na Shylock Myahudi na Antonio wameingizwa katika kapu moja, mkopeshaji na mkopaji, anayetemewa mate na anayetema. Dhuluma ya tabaka imeonekana vizuri zaidi, na dhuluma ya Myahudi katika mji wa Wakristo imefifia. Anayetafsiri kwa ajili ya haki anaweza kumfungulia mmoja mlango huku akimfungia mwingine, bila kukusudia.

Ndiyo maana ninakuambia, bila kusitasita, mwondoe fisi. Ulichokiona wewe kuhusu vikongwe ni sahihi, na hakuna uaminifu kwa matini unaozidi usalama wa mwigizaji anayerudi nyumbani kwa miguu usiku. Usitafute mnyama mwingine wa kuziba pengo. Tafuta kitendo. Nyerere mwenyewe alirudi kuisahihisha tafsiri yake ya *Julius Caezar* ya mwaka 1963 na kuitoa upya mwaka 1969 kama *Juliasi Kaizari*, kwa hiyo usiogope kwamba toleo lako la kwanza litakuwa la mwisho.

Msafiri_Tigoni alijibu:

Shikamoo Mzee Paukwa. Nimekubaliana nawe juu ya fisi, lakini ninaona mmelipita swali kubwa kuliko hayo mawili, ambalo Dada Nyamizi ameliweka kwenye kichwa cha mada kisha akalisahau: mchezo huu utakuwa kwa lugha gani?

Ninaandika kutoka Limuru, kwa hiyo mnisamehe nikianza na kwetu. Mwaka 1976 *The Trial of Dedan Kimathi*, tamthilia ya Kiingereza ya Ngũgĩ wa Thiong’o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, ilionyeshwa katika Ukumbi wa Taifa jijini Nairobi. Ilileta mvutano, lakini hakuna mwandishi wake aliyetiwa kizuizini kwa ajili hiyo. Mwaka uliofuata, Ngũgĩ huyo huyo na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walitengeneza *Ngaahika Ndeenda* na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, kwa Kikuyu, katika uwanja wa wazi walioujenga wenyewe. Onesho la kwanza lilikuwa tarehe 2 Oktoba 1977. Kufikia tarehe 16 Novemba kibali kilikuwa kimefutwa, na mwaka ulipoisha Ngũgĩ alikuwa kizuizini, akakaa huko karibu mwaka mzima bila kufikishwa mahakamani. Mwaka 1982 uwanja wenyewe ulibomolewa. Mashambani na viwandani dhuluma ilikuwa ileile ya siku zote. Kilichobadilika ni nani aliyeielewa ikitajwa.

Kilichonivutia zaidi katika habari za Kamĩrĩĩthũ ni kwamba wasomi walifika na rasimu, na wanakijiji wakaisahihisha. Wazee walisema mzee hazungumzi hivi na mtu wa rika lile. Wafanyakazi wa kiwandani walieleza ujira unavyokatwa. Mwanamke mzee asiyejua kusoma ndiye aliyetoa maneno na mpangilio wa gĩtiiro, yale majibizano ya kuimbwa ya sherehe ya ndoa, ambayo yalikuja kuwa sehemu kubwa ya mchezo. Sasa ukiniuliza mtafsiri alikuwa nani pale, nitakujibu kwamba ni yule bibi.

Toleo la Kiswahili, *Nitaolewa Nikipenda*, lilitoka mwaka 1982, na mimi niliujua mchezo huo kwanza kwa Kiswahili, kwenye nakala ya kuazima. Jioni moja nilikuwa nikisoma kwa sauti jikoni, mama yangu akichambua maharagwe kwenye uteo. Alikuwa akisikia Kiswahili, lakini midomo yake ilikuwa ikirudisha kila sentensi kwenye Kikuyu, na akacheka mahali ambapo mimi sikuona kichekesho chochote. Nilipomuuliza, alisema, “Hapo ameombwa ng’ombe kwa lugha ya kuomba mbuzi.” Sikuelewa mpaka nilipokuwa mtu mzima. Kiswahili kiliufungulia mchezo Mombasa, Dodoma na Bukavu, nami sikipuuzi, lakini utani ule ulibaki Limuru.

Sasa turudi Tabora. Katika *Mandabi* nyumbani ni Kiwolofu na dirishani ni Kifaransa, na Dieng hajui kusoma Kifaransa. Lugha yenyewe ndiyo geti. Mkitafsiri kila kitu kwa Kiswahili safi, mjane na mtendaji wa kijiji watazungumza lugha moja, na geti litakuwa limeondoka kabla mchezo haujaanza. Ninashauri mjane na majirani wazungumze Kinyamwezi, na mtendaji azungumze Kiswahili cha ofisini, kile cha “kiambatanisho”, “ngazi husika” na “utaratibu ufuatwe”. Msiwafasirie watazamaji hata sentensi moja. Kati yao muweke mjukuu wa darasa la tano ambaye bibi amemchukua shuleni siku hiyo ili amfasirie. Nimeona watoto wa namna hiyo katika kila ofisi niliyowahi kuingia, wamesimama katikati, vichwa vyao havifiki usawa wa dirisha.

Mkalimani_Kigoma alijibu:

Ndugu Msafiri, mtoto wako wa darasa la tano amenifanya nifunge kompyuta, nitoke nje, ndipo nirudi kuandika. Mimi ni mkalimani wa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, na nilianza kazi hii nikiwa na umri wa mtoto huyo.

Nataka kusema jambo kuhusu kipindi ambacho hamjakigusa, yaani baada ya mchezo kwisha, watazamaji wanapoanza kuzungumza. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kufasiri kwenye onesho la kikundi cha wakimbizi, mbele ya wageni wa shirika lililokuwa limelipia. Mchezo ulikwenda vizuri. Ulipofika mjadala, mwanamke mmoja alisimama na kusema kwa Kirundi, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba wageni wale wameandika jina lake mara nne na hawajawahi kurudi na jibu, na kwamba angependa kujua majina hayo wanayapeleka wapi. Niliona haya kwa niaba ya wageni. Nikafasiri kwamba mama huyu anashukuru na anaomba ufuatiliaji uendelee. Wageni wakatabasamu, wakapiga makofi. Yule mama aliyaangalia yale makofi, akaniangalia mimi, akakaa. Hakujua neno hata moja la lugha niliyoitumia, lakini alijua kwamba hasira haipigiwi makofi ya namna ile. Hakuzungumza tena siku hiyo, wala wengine waliokuwa wamenyoosha mikono.

Wenzangu wengi husema kwamba kulainisha ni sehemu ya kazi. Kwenye harusi, sawa. Kwenye mchezo wa kudai haki, kulainisha ni kuchukua upande, na mara zote ni upande wa aliyekaa kwenye kiti chenye mto.

Augusto Boal, Mbrazili aliyeanzisha michezo ambayo mtazamaji anaweza kuisimamisha na kuibadilisha, alikuwa na kisa kutoka Peru, alikoshiriki kampeni ya kisomo mwaka 1973. Wakati ule alikuwa bado akiwaacha watazamaji watoe mapendekezo tu, na waigizaji wakayatekeleza. Mwanamke mmoja alipendekeza kwamba mke aliyedanganywa na mumewe azungumze naye kwa uwazi. Mwigizaji akajaribu, mwanamke akasema siyo hivyo. Akajaribu tena, siyo hivyo. Mwishowe mwanamke akapanda jukwaani mwenyewe, akachukua ufagio, na “mazungumzo ya uwazi” yakaeleweka na kila mtu, hasa mwigizaji wa nafasi ya mume. Kisa hiki husimuliwa kama chanzo cha mtazamaji kugeuka mwigizaji. Mimi kila nikikisikia ninasikia habari ya tafsiri mbovu: watu wenye elimu walifasiri maneno ya mwanamke yule mara kwa mara, kwa nia njema, na kila mara wakayapunguza makali, mpaka aliyesema akawanyang’anya kazi.

Kwetu pia tuna mfano ninaoupenda. Mpango wa TUSEME, ulioanzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996 kwa kazi ya kina Penina Mlama (ndiye Penina Muhando aliyetajwa na Mzee Paukwa) na Lihamba, uliwapa wasichana wa sekondari sanaa za maonyesho ili waseme wenyewe kinachowakwamisha shuleni. Jukwaa la Waelimishaji Wanawake wa Afrika, FAWE, lilipoupeleka katika nchi nyingine, zikiwamo zinazotumia Kifaransa, jina lilibaki la Kiswahili. Mara nyingine kutotafsiri ndiyo tafsiri bora. Na tazama umbo la neno: si “semeni”, amri ya mtu aliyesimama mbele, ni “tuseme”, na anayesema yumo ndani.

Ombi langu kwako, Dada Nyamizi, ni dogo. Kabla ya onesho la kwanza, amueni nani atafasiri mjadala, na mumwambie mapema, mbele ya kikundi kizima, kwamba haruhusiwi kulainisha.

Karani_Mstaafu alijibu:

Naingia kwa ufupi kwa sababu hakuna aliyeligusa hili. Hakimiliki ya mtunzi juu ya kazi yake haimalizikii kaburini. Sembène alifariki mwaka 2007, na kazi zake bado zinalindwa. Tamthilia ya Profesa Lihamba nayo ina mwenyewe. Wazo la mtu masikini anayerushwa kutoka dirisha moja hadi jingine si mali ya mtu yeyote, mnaweza kulitumia bila kumwomba mtu. Lakini mkifuata matukio kwa mpangilio uleule, jamaa msomi, idhini, wizi wa njiani, hapo mnatohoa kazi ya mtu na mnahitaji ruhusa. Ulizeni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania kabla ya kuchapisha tangazo. Kikundi kinachodai haki ya mjane kisianze kwa kuchukua cha mtu bila kuuliza.

Nyamizi_Mwembeni alijibu:

Nawashukuru wote, na nisameheni kwa kimya cha majuma mawili. Ilikuwa zamu ya kupanga tumbaku kwa madaraja, na waigizaji wangu wengi walikuwa mabandani.

Karani, umetuokoa. Tumeketi na kutenganisha kilicho chetu na kisicho chetu, na ikaonekana kwamba tukiuacha mpangilio wa Sembène, wanawake wale wawili wana mpangilio wao, ulio mrefu na mbaya zaidi. Shemeji haibi hati. Anafanya jambo la kisheria kabisa: anasubiri. Anajua kwamba mjane atachoka nauli kabla yeye hajachoka kukaa. Kwa hiyo mchezo sasa ni wetu, na kwenye tangazo tutaandika kwamba tuliamshwa na hadithi ya Dakar na tamthilia ya Kiswahili iliyotokana nayo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mzee Paukwa, fisi ameondoka, na kitendo kimepatikana bila kutafutwa. Tulikuwa tukifanya mazoezi ya dirisha la tatu. Mama anayeigiza mjane, yuleyule aliyesema kwamba Dieng ni yeye, alichoka na mswada akauweka chini. Akafungua mkoba wake na kutoa bahasha ya kaki halisi, ya kwake, iliyofungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Akatoa karatasi moja moja na kuzipanga mezani, akizitaja kwa Kinyamwezi: kadi ya kliniki ya marehemu, risiti ya tumbaku ya msimu wa mwisho aliolima naye, barua ya mwenyekiti, barua ya kurudisha barua ya mwenyekiti. Karatasi kumi na nne. Zilipojaa meza alianza kuzipanga juu ya mikono ya mtendaji, ambaye ni fundi cherehani wetu na ambaye alisahau maneno yake yote. Kisha akazikusanya kwa mpangilio uleule, akafunga mpira, akakaa palepale chini ya dirisha. Hakutoka. Mchezo unaishia hapo, na mjadala unaanza yeye akiwa bado amekaa.

Ndugu Msafiri, lugha tumezitenganisha kama ulivyoshauri, na mjukuu tumempata, ni mjukuu wake kweli, anasoma darasa la tano. Mazoezi tunafanya baada ya saa za shule. Siku ya kwanza mtendaji alisema, “Mwambie bibi utaratibu haujakamilika.” Mtoto akageuka, akatafuta neno la Kinyamwezi, hakulipata, akasema tu, “Bibi, Utaratibu.” Bibi yake akauliza kwa Kinyamwezi, bila utani wowote, huyo Utaratibu anakaa ofisi gani. Tulicheka mpaka kuku wakakimbia chini ya mwembe. Tumeiacha hivyo hivyo, na sasa mtendaji anamwonyesha kwa kidole mlango wa pili, na bibi anakwenda kumtafuta.

Mtendaji wetu halisi, ambaye ilibidi tumwombe kibali cha uwanja, alisoma mswada na akatoa kibali, ila aliomba maneno ya Kiswahili yapunguzwe kwa kuwa yanachosha. Tumemjibu kwamba tumeyapunguza tayari.

Dada Mkalimani, kisa chako nilikisoma kwa sauti mbele ya kikundi, na hakuna aliyesema kitu kwa muda. Onesho la kwanza ni Jumamosi, na wageni wanne kutoka wilayani wamethibitisha kuja, watatu kati yao hawajui Kinyamwezi. Nilipendekeza tumtafute mwalimu mmoja wa kuwafasiria mjadala. Mama mwenye bahasha alikataa. Alisema viti vya wageni viwekwe mbele, upande wa kushoto, na mjukuu wake akimaliza kuigiza akae katikati yao.